Vikaragosi vilivyowatia hofu watawala wa Prague

Katika Kiswahili cha siasa, mtu anayetumikishwa na mwingine huitwa kibaraka. Lakini mwanasesere wa jukwaani, yule anayechezeshwa kwa nyuzi na vijiti, huitwa kikaragosi, jina linalonasibishwa na Karagöz, mcheshi wa maonyesho ya vivuli ya Waturuki aliyewakejeli wakubwa wa dola ya Osmania mbele ya umma. Tofauti hiyo si ndogo, wapenzi wasikilizaji. Kibaraka husema analoambiwa. Kikaragosi mara nyingi amesema jambo ambalo mwenye kumshika asingethubutu kulitamka kwa kinywa chake mwenyewe.

Makala haya yanaitazama nchi ambayo historia yake inalithibitisha hilo pengine kuliko nyingine yoyote: Jamhuri ya Czech.

Lugha ya wanyonge

Hadi mwaka 1918 Wacheki walitawaliwa kutoka Vienna, na kwa muda mrefu Kijerumani kilikuwa ndiyo lugha ya utawala na ya watu wa tabaka la juu. Wakati huo, wachezesha vikaragosi kama Matěj Kopecký, aliyefariki dunia mwaka 1847, walizunguka vijijini na maboksi yao ya wanasesere wa mbao wakiigiza kwa Kicheki. Mkulima aliyezoea kuidhaniwa lugha yake kuwa ni ya zizini, aliwasikia wafalme na mashujaa wakiizungumza jukwaani.

Mrithi mashuhuri wa mila hiyo alikuwa Josef Skupa, mwalimu wa kuchora katika mji wa Plzeň. Mwaka 1918, dola ya Austria na Hungary ilipokuwa ikiporomoka, kikaragosi wake Kašpárek aliizika Austria jukwaani. Baadaye Skupa alibuni wahusika wawili waliompatia umaarufu: Špejbl, baba mwenye majivuno na uelewa mzito, aliyezaliwa mwaka 1920, na Hurvínek, mwanawe mtundu, mwaka 1926. Sauti zote mbili, nzito ya baba na nyembamba ya mtoto, zilikuwa zake Skupa.

Machi 15, 1939, majeshi ya Ujerumani yaliingia Prague. Skupa hakufunga jukwaa. Aliendelea kuzunguka nchini na maonyesho ambayo kwa juu yalikuwa vichekesho, na kwa ndani yalikuwa mafumbo. Hurvínek aliuliza maswali ya kitoto. Jibu hakulitaja mtu, kwa sababu kila aliyeketi ukumbini alikuwa nalo tayari. Mkaguzi aliyesoma maandishi ya mchezo hakuona neno la kulifuta.

Januari 1944, Gestapo walimkamata Skupa. Kosa lililotajwa lilikuwa kusikiliza matangazo ya redio ya nje, na sisi tunaoishi kwa kazi hii ya redio hatuwezi kulipita hilo bila kutafakari. Wanasesere wake nao walichukuliwa na kufungiwa. Alikuwa gerezani Dresden Februari 1945, ndege za washirika zilipoushambulia mji huo kwa mabomu. Gereza likashika moto, naye akatoroka. Mwaka huohuo alifungua tena jukwaa lake, safari hii mjini Prague.

Mkono mmoja mkubwa

Miongoni mwa wanafunzi wa Skupa huko Plzeň alikuwa Jiří Trnka, aliyezaliwa mwaka 1912. Huyu alikuwa miongoni mwa waliowatoa vikaragosi jukwaani na kuwaingiza katika sinema. Kazi yenyewe ilihitaji subira ya ajabu: mwanasesere husogezwa kidogo tu, hupigwa picha, husogezwa tena. Kila sekunde moja ya filamu, picha 24 hupita mbele ya macho ya mtazamaji.

Mwaka 1965, chini ya utawala wa kikomunisti, Trnka alitoa filamu yake ya mwisho, Ruka, yaani Mkono. Ina dakika 18 tu na haina mazungumzo. Mfinyanzi mmoja anaishi chumbani mwake na ua lake, akilifinyangia vyungu. Mkono mkubwa unaingia na kumtaka afinyange sanamu ya mkono. Anakataa. Mkono unarudi na zawadi, kisha na vitisho, na mwisho unamtia katika kizimba cha dhahabu na kumfunga nyuzi achonge sanamu hiyo. Anafanikiwa kutoroka, anaupigilia mlango misumari, lakini chungu chake mwenyewe kinamwangukia na kumuua. Mkono uleule unamfanyia mazishi ya heshima.

Trnka alifariki dunia Desemba 1969, mwaka mmoja na miezi michache baada ya vifaru vya Kisovieti kuingia Prague. Maziko yake mjini Plzeň yalikuwa tukio kubwa la hadhara. Baada ya hapo nakala za Mkono zilikusanywa na filamu ikapigwa marufuku kwa takriban miaka 20. Watawala walikuwa wamejitambua katika kiganja kisicho na jina wala uso.

Afrika Mashariki nayo ina sura yake ya historia hii. Mwaka 2009 mchora katuni Gado, mzaliwa wa Tanzania, alianzisha nchini Kenya The XYZ Show, akifuata mfano wa Les Guignols wa Ufaransa. Vikaragosi vyake vya mpira vilivaa sura za wanasiasa waziwazi, nchi ikiwa bado inauguza majeraha ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Huo ni uhuru ambao Skupa na Trnka hawakuwa nao.

Hata hivyo, ni kule ambako uhuru huo haukuwepo ndiko nguvu ya kikaragosi ilikoonekana vizuri zaidi. Hakumkinga bwana wake na gereza. Alichokifanya ni kuanza sentensi na kuwaachia watu ukumbini waimalizie kimoyomoyo. Msemaji anaweza kukamatwa, na mwanasesere anaweza kufungiwa kabatini. Lakini nusu ya pili ya sentensi ile ilikwenda nyumbani na kila mtu, na hakuna askari aliyejua pa kuitafuta.