Kitoka nyumba na jasho la jikoni

Ndoa zetu zinapovunjika hapa Uingereza, hakosekani wa kusema kuwa haki ya mke iko kwa wazungu, ama kwetu mwanamke hutolewa na sanduku lake tu. Jambo hilo si jepesi hivyo. Hapa penyewe, mwaka 1973, Lord Denning alikubali kuwa kazi ya mke nyumbani ina thamani, lakini hesabu yake akaianzia kwenye theluthi. Ni mwaka 2000, katika kesi ya White, House of Lords iliposema kuwa mleta fedha asipendelewe mbele ya mlezi wa nyumba na watoto.

Tuje kwetu. Kwa Waislamu wa pwani mke aliyeachwa alipata matumizi ya eda na kitoka nyumba, yaani kile cha kumuaga, kisha akarudi kwao. Sheria ya Ndoa ya 1971, ambayo haikuihusu Zanzibar, ikaongeza jambo: mahakama ikitoa talaka inaweza kugawa mali waliyochuma pamoja, kwa kuangalia mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi.

Kazi gani? Hapo ndipo majaji wa Mahakama Kuu walipogawanyika. Wako walioona kuwa mke anayepika, kufua na kulea anatimiza wajibu wake tu, naye analishwa na kuvishwa, basi wamelipana. Wengine wakasema mume asingepata hata nafasi ya kuchuma kama nyumbani hapana mtu.

Ubishi ukafika Mahakama ya Rufani mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Bi Hawa alikuwa mama wa nyumbani Dar es Salaam. Kitoka nyumba hakikumridhisha. Alitaka fungu katika mali. Jaji Mkuu Francis Nyalali na wenzake wakauliza sheria ile ilitungwa kuponya ovu gani, wakajibu: kunyonywa na kuonewa kwa wake na waume zao. Hivyo basi, kazi za nyumbani ni mchango.

Na Bi Hawa akatoka mikono mitupu! Mahakama iliona kuwa mumewe alikwishampa fedha za kuanzisha mradi wa familia, naye akazitumia ovyo. Wengi wakiisimulia kesi hii huiruka sehemu hiyo. Mimi naiona ndiyo nzito kuliko zote, kwani jasho la mke likishaingia kwenye hesabu, na makosa yake nayo huingia, na kilichotolewa hutolewa.

Waliofaidi ni waliokuja nyuma yake. Tangu hapo mawakili wa Tanzania wanaomtetea mama wa nyumbani aliyeachwa hulitaja jina lake.