CT na MRI katika utambuzi wa uvimbe wa kitako cha fuvu

CT na MRI ni vipimo vya picha vinavyotumika kutambua uvimbe wa kitako cha fuvu, yaani sakafu ya mfupa inayobeba ubongo na kupitisha neva na mishipa ya damu. CT, ambayo mgonjwa wa kwanza alipimwa kwayo London mwaka 1971, hutumia eksirei. Nguvu yake iko kwenye mfupa: huonyesha mfupa uliolika, uliotanuka taratibu, au ulionenepa kama inavyotokea kwa uvimbe uitwao meninjioma, pamoja na chembe za chokaa zinazoonekana mara nyingi katika uvimbe uitwao kondrosakoma. MRI hutumia sumaku na mawimbi ya redio, na hutenganisha vizuri zaidi tishu laini. Hutofautisha uvimbe na ute uliokwama kwenye sinasi, yaani matundu ya hewa ya fuvu. Hufichua uboho ulioingiliwa na, baada ya dawa ya gadolini kudungwa, saratani inayotambaa kando ya neva. Kodoma, aina ya uvimbe inayoota mara nyingi kwenye mfupa wa klivasi katika kitako cha fuvu, hung’aa katika picha za MRI ziitwazo T2, lakini uharibifu wa mfupa wenyewe husomeka vyema kwa CT. Ndiyo maana kabla ya upasuaji hutumika vyote viwili. CT ni ya haraka ila ina mionzi. MRI haina mionzi hiyo, lakini baadhi ya vifaa vya chuma mwilini huizuia. Aina ya uvimbe kwa kawaida huthibitishwa kwa kupima kipande cha tishu maabara, isipokuwa aina chache kama shwanoma ya neva ya kusikia, ambayo MRI mara nyingi hutosha kuitambua.