Leseni ya dereva mlevi hupotea kortini, wala si barabarani

DEREVA aliyekamatwa Ijumaa usiku kwa tuhuma za kuendesha gari akiwa mlevi aghalabu hufika kortini Jumatatu asubuhi akiwa na nia moja tu: alipe faini, achukue gari lake katika kituo cha polisi na arudi nyumbani kabla ya mwajiri na majirani kupata habari. Shtaka linaposomwa, hujibu upesi, "Ni kweli." Faini hutozwa, naye hushusha pumzi akidhani mambo yamekwisha.

Ni baadaye tu anapotanabahi kwamba maneno hayo mawili yamemgharimu zaidi ya pesa. Amepoteza haki ya kuendesha gari kwa muda wa mwaka mmodi, na mlango wa kukata rufaa umefungwa karibu wote.

Kwa mwenye gari la kibinafsi, hayo ni masumbuko. Kwa dereva wa matatu, teksi, lori au gari la kampuni, leseni ndiyo jembe lake. Ikiondoka, karo ya watoto na kodi ya nyumba huondoka nayo. Ndiposa inafaa kila dereva aelewe jinsi leseni inavyopotea, na ni wapi hasa anapoweza kusikizwa.

SHERIA INAVYOSEMA

Kosa lenyewe limo katika kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403 ya Sheria za Kenya. Kifungu hicho kinamhusu mtu anayeendesha gari, anayejaribu kuliendesha, au aliye na gari chini ya usimamizi wake barabarani au mahali pengine pa umma, ilhali amelewa pombe au dawa kiasi cha kutoweza kulimudu gari hilo ipasavyo.

Adhabu ni faini isiyozidi Sh100,000, kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Fauka ya hayo, anayepatikana na hatia hupigwa marufuku kuwa na leseni au kupata nyingine kwa miezi 12 tangu siku ya kuhukumiwa. Mahakama ina uwezo wa kurefusha muda huo.

Mambo mawili yanafaa kutiliwa maanani hapa. Kwanza, miezi hiyo 12 hutokana na hukumu, wala si kukamatwa. Aliyezuiliwa usiku akaachiliwa kwa dhamana bado hajahukumiwa, na Katiba inamhesabu kuwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo. Pili, marufuku hayo si badala ya faini. Anayelipa faini hadi senti ya mwisho hubaki amefungiwa vilevile.

Mambo huwa mazito zaidi pale mtu anapofariki. Kusababisha kifo kwa kuendesha gari kwa njia ya hatari ni kosa jingine, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 10.

KIPIMO CHA PUMZI

Kifaa kinachojulikana na wengi kwa jina la Alcoblow kilipata umaarufu nchini kuanzia mwishoni mwa 2013. Kiwango kilichowekwa na kanuni za 2011 kuhusu kipimo hicho ni mikrogramu 35 za pombe katika mililita 100 za pumzi, kiwango kinacholinganishwa na miligramu 80 katika mililita 100 za damu.

Mnamo Januari 2017, Mahakama ya Rufaa iligundua kasoro katika mpangilio huo. Kanuni zilizungumzia kupita kiwango, ilhali sheria mama inazungumzia kushindwa kulimudu gari. Majaji walishikilia kuwa kanuni haiwezi kwenda kinyume na sheria iliyoizaa, na kwamba anayeshtakiwa sharti ashtakiwe kwa kosa lililomo katika kifungu cha 44.

Hata hivyo, kifaa chenyewe hakikutupwa. Kimeendelea kurejeshwa barabarani, hasa wakati wa sherehe za mwisho wa mwaka. Funzo lililobaki ni kwamba karatasi ya shtaka yapasa kusomwa kwa makini. Inataja kifungu kipi? Inadai kwamba mshtakiwa alishindwa kulimudu gari, au inataja tarakimu za kifaa pekee? Hayo ni maswali ya kumwuliza wakili kabla ya kujibu chochote.

HAKI ZA ALIYEKAMATWA

Ibara ya 49 ya Katiba ya 2010 inampa aliyekamatwa haki ya kuelezwa, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa kwake. Haki ya kunyamaza. Na haki ya kuwasiliana na wakili. Sharti afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita. Iwapo saa hizo zinaishia siku au wakati ambapo mahakama haiketi, basi afikishwe kabla ya mwisho wa siku inayofuata ya mahakama. Ndiyo maana aliyekamatwa Ijumaa usiku anaweza kusubiri hadi Jumatatu, isipokuwa polisi wamwachilie kwa dhamana.

Pesa za dhamana si faini. Zinapolipwa sharti risiti itolewe, na mshtakiwa akitimiza masharti hurejeshewa kesi inapokamilika. Akikosa kufika kortini, pesa hizo zinaweza kutwaliwa na agizo la kumkamata kutolewa.

Wapo wanaoona ni nafuu kumaliza mambo papo hapo kwa "chai". Huko ni kuruka majivu na kukanyaga moto. Chini ya Sheria ya Hongo ya 2016, anayetoa na anayepokea wote wana hatia, na kosa ambalo lingeishia kwa faini hugeuka kuwa kesi ya ufisadi.

SAA YA KUJIBU SHTAKA

Haraka haraka haina baraka, na hakuna mahali msemo huu unapotimia kama katika kizimba cha mshtakiwa. Utaratibu wa kukiri shtaka ulifafanuliwa na Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki mwaka 1973 katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, na hadi leo mahakama za Kenya huufuata.

Shtaka na viungo vyake vyote husomwa kwa lugha anayoielewa mshtakiwa. Jibu lake hunakiliwa. Kisha kiongozi wa mashtaka hueleza jinsi mambo yalivyotukia, na mshtakiwa hupewa nafasi ya kuyakubali, kuyapinga au kuongeza maelezo. Akiyapinga kwa namna inayotilia shaka hatia yake, hakimu hubadilisha jibu na kuandika kuwa amekanusha shtaka. Mahakama za mahakimu hutumia Kiingereza au Kiswahili, na asiyefahamu lugha inayotumika ana haki ya mkalimani bila malipo.

Kwa hivyo dereva aliyekunywa chupa moja lakini anaamini alilimudu gari lake asijibu "Ni kweli" kwa sababu tu ni kweli alikunywa. Kunywa ni jambo moja. Kushindwa kulimudu gari ni jambo jingine, na ndilo linalohitaji kuthibitishwa pasipo shaka. Anayekanusha ana haki ya kuonyeshwa mapema ushahidi utakaotumiwa dhidi yake: matokeo ya kipimo, ripoti ya daktari iwapo ipo, na taarifa za maafisa waliomkamata.

Anayejua kwamba hakika alikuwa amelewa chakari ana njia ya kukiri. Lakini akiri akijua matokeo yake, na atumie nafasi ya kujitetea kabla ya adhabu. Rekodi safi ya miaka mingi, familia inayomtegemea na hatua alizochukua kuacha pombe ni mambo ambayo hakimu anaweza kuyazingatia anapopima faini na muda wa marufuku. Asiyemudu gharama za wakili anaweza kuomba usaidizi chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016.

BAADA YA HUKUMU

Rufaa kutoka kwa hakimu huenda Mahakama Kuu, nayo sharti iwasilishwe katika siku 14 tangu hukumu kutolewa. Aliyechelewa huhitaji sababu nzuri ili akubaliwe. Aliyekiri shtaka hawezi kupinga kupatikana kwake na hatia. Anachoweza kupinga ni uhalali au uzito wa adhabu tu. Anayekata rufaa anaweza pia kuomba amri ya kumfungia leseni isitishwe hadi rufaa iamuliwe.

Mbali na mahakama, Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA) ina uwezo wake wa kusimamisha leseni. Asiyeridhika na uamuzi wa mamlaka hiyo hupeleka malalamiko yake kwa bodi ya rufaa za leseni za uchukuzi, wala si kwa afisa aliyemkamata.

Marufuku yanapoanza, yaheshimiwe. Kuendesha gari wakati huo, au kujipatia leseni nyingine kwa ujanja, ni kosa jipya. Isitoshe, sera nyingi za bima humtenga dereva mlevi au asiye na leseni halali. Kampuni ya bima inaweza kumlipa aliyejeruhiwa, kisha ikamgeukia mwenye gari imdai pesa hizo.

KAZI YA DEREVA

Kupoteza leseni hakumpi mwajiri ruhusa ya kumfuta dereva kwa neno moja langoni. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri aeleze sababu kwa lugha anayoielewa mfanyakazi, na amsikize mbele ya mwenzake au mwakilishi wa chama anayemchagua. Hata hivyo, sheria iyo hiyo inataja ulevi wa kazini unaomfanya mtu ashindwe kutekeleza kazi yake kuwa miongoni mwa makosa makubwa. Dereva anayemweleza mwajiri mapema na kuomba kazi nyingine kwa mwaka huo huwa na la kujitetea kuliko anayeficha, akaendelea kushika usukani bila leseni.

Pombe haitolewi mwilini kwa kahawa, maji baridi wala supu ya asubuhi. Ini huiondoa polepole, saa baada ya saa, na aliyekunywa hadi usiku wa manane anaweza kuamka akiwa bado na kiwango kilichokatazwa. Nauli ya teksi ya kurudi nyumbani, hata iwe ghali namna gani, haiwezi kulinganishwa na mwaka mzima bila leseni, sembuse uhai wa mpita njia.