-chemka, -chemsha, -ganda, -yeyuka

Vitenzi hivi hutaja mabadiliko ya maji na vimiminika vingine bila kutaja kipimo cha joto, na aghalabu bila kuonyesha kama badiliko ndiyo kwanza linaanza au limekwisha. Makosa mengi ya tafsiri hutokea hapo.

-chemsha, -chemka. Kuchemsha ni tendo la mtu, nalo huanza sufuria inapotelekwa. Kuchemka ni hali ya maji yenyewe yanapotokota. Kwa hiyo agizo la afya "Chemsha maji kwa dakika 3" lina maana mbili. Msomaji wa Handeni aliyechota maji lamboni aweza kuhesabu tangu alipoyateleka, akayaepua yakiwa vuguvugu. Iandikwe: "Maji yakianza kutokota, yaache yachemke kwa dakika 1 kamili." (Matumizi ya mitaani, *amechemka* kwa maana ya "ameshindwa", hayafai katika maandishi ya namna hii.)

Sentensi "Maji huchemka kwa nyuzi 100" nayo ni ya kweli kwa kanieneo ya hewa ya usawa wa bahari tu. Mjini Korogwe, kwenye mwinuko wa mita 300 hivi, maji huchemka karibu na nyuzi 99. Handeni, karibu mita 700, ni takriban 98. Ukipanda kutoka Mombo hadi Lushoto, mita 1,400 hivi, ni kama 95. Vijidudu hufa kote huko, ila maharage ya Lushoto hukaa motoni muda mrefu zaidi. Mwandishi wa kitabu cha shule aongeze "katika usawa wa bahari".

-ganda. Maziwa huganda yakawa mtindi, damu huganda kidondani, mafuta huganda kwa baridi. Penye shaka, isemwe *kuganda kuwa barafu*. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, alitia maziwa ya moto yenye sukari kwenye jokofu ili atengeneze aiskrimu. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyotiwa yakiwa hayana moto. Mwaka 1969 yeye na Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walichapisha makala kuhusu jambo hilo, ambalo sasa huitwa athari ya Mpemba. Wanasayansi bado wanabishana juu yake, na sehemu ya ubishi ni ya maana: je, kinachopimwa ni muda wa *kuanza kuganda* au wa *kuganda kabisa*? Anayetafsiri "maji ya moto huganda mapema" hana budi kuchagua kimoja, kwa kufuata matini asilia.

-yeyuka. Barafu huyeyuka kwa joto. Sukari huyeyuka katika chai. La kwanza halihitaji kimiminika kingine, la pili halitokei bila hicho. Katika maandishi ya sayansi kitajwe: *kuyeyuka katika maji*.