Moto Unaopasha Mawingu: Historia Fupi ya Jiko la Kuni la Ukutani

Nyumba ya wazazi wangu hapa Saint Paul ina meko ya zamani ya matofali sebuleni. Majira ya baridi yaliyopita bibi yetu, aliyetoka Kilimanjaro kuja kukaa nasi, aliomba tuyawashe. Baada ya saa moja, tuliokaa mbele ya moto tulikuwa tukitoka jasho, lakini vyumba vya juu vilikuwa vya baridi kuliko mwanzo. Bibi akasema, "Wajukuu zangu, moto huu unapasha mawingu." Tangu siku hiyo nyumbani kuna mjadala: je, tununue jiko la kuni, lile la chuma lenye mlango linalochomekwa ndani ya meko? Nikaona nitafute kwanza waliotutangulia walijibu nini.

Kosa la meko ya wazi linajulikana tangu zamani. Moto wake huvuta hewa nyingi ya chumbani, ambayo tayari imepata joto, na kuitoa nje kwa dohani. Hewa ya baridi huingia kwenye nyufa za madirisha kujaza nafasi hiyo. Mwaka 1742 Benjamin Franklin wa Philadelphia alibuni jiko la mabamba ya chuma la kuwekwa ndani ya meko. Katika kijitabu chake cha 1744 alilalamika kwamba kuni, zilizokuwa zikipatikana mlangoni, sasa zilitoka mbali. Alipotakiwa kuchukua hataza, alikataa. Hata hivyo jiko lake lilikuwa na kasoro: moshi ulilazimika kushuka kabla ya kupanda, na dohani ikiwa ya baridi haukuvutwa vizuri. Mwaka 1796 Count Rumford alishauri njia nyingine: kupunguza kina cha meko, kuzielekeza kuta za pembeni chumbani, na kuifanya koo ya dohani iwe nyembamba.

Hapa kwetu ushahidi mzuri uko Summit Avenue. Jumba la James J. Hill, tajiri wa reli, lililokamilika mwaka 1891, lina meko 22. Lakini Hill hakuyategemea, kwa kuwa jumba lilikuwa na mfumo wa kusambaza joto vyumba vyote. Meko yalikuwa ya fahari. Katika nyumba za kawaida pia, makaa ya mawe na baadaye gesi vilichukua kazi ya kuni, na meko yakabaki mahali pa kutundika soksi za Krismasi.

Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zenye mafuta ziliacha kuiuzia Marekani. Bei ikapanda na watu wengi wakarudi kwenye kuni. Wazo la Franklin likafufuka: sanduku la chuma likasukumwa ndani ya meko. Lakini mengi yaliwekwa bila bomba lake lenyewe la kupanda hadi juu ya dohani. Moshi ulipopoa uliacha masizi yenye lami, yaitwayo kriosoti, na hayo yakishika moto nyumba iko hatarini. Mwaka 1988 shirika la serikali la mazingira, EPA, liliweka kanuni za majiko ya kuni, likazikaza mwaka 2015. Tangu Mei 2020 jiko jipya linatakiwa lisitoe zaidi ya gramu 2 za chembe za moshi kwa saa, au 2.5 likipimwa kwa magogo ya kawaida.

Afrika Mashariki nayo ilikuwa ikijibu swali kama hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mafundi wa jua kali nchini Kenya walianza kutengeneza jiko la bati lenye udongo wa kuchomwa ndani yake, wazo lililotokana na jiko la Thailand. Hilo ni la makaa na la kupikia, lakini siri ni ileile: tawala hewa, tunza joto. Bibi, aliyepika miaka mingi kwenye mafiga huku macho yakimtoka machozi, hakuhitaji kuelezwa.

Basi historia hii inatufundisha nini dukani? Baba anataka jiko kubwa kuliko yote. Hilo ni kosa, kwa sababu jiko kubwa likinyimwa hewa ili sebule isiwe tanuri, moto hufifia, moshi huzidi na kriosoti hujaa. Bora dogo linalowaka vizuri, lenye bomba la chuma kisichoshika kutu hadi juu kabisa. Kuni ziwe kavu, unyevu usizidi asilimia 20. Kuni za mti wa ash zipo, kwa kuwa mdudu anayeiua miti hiyo aligunduliwa Saint Paul mwaka 2009, ila zisihamishwe ovyo tusije tukamsambaza. Tukumbuke pia kwamba feni ya jiko hutumia umeme. Umeme ukikatika, joto litakalofika mbali litapungua. Na sheria ya Minnesota inataka kengele ya kaboni monoksidi ndani ya futi 10 kutoka kila chumba cha kulala.

Fundi atakuja mwezi huu kukagua dohani. Akisema ni nzima, tutanunua jiko dogo. Akisema imepasuka na pesa za kuitengeneza hatuna, meko yatabaki na soksi zake, na bibi tutamwongezea blanketi.