Duma: Wasee Wawili wa Nairobi Waliorekodi Metali Kampala na Dunia Ikaskiza

Ukitaja "duma" hapa Mombasa, kila mtu anafikiria yule mnyama wa mbio. Ukitaja huko bara, mwingine anauliza kama ni nduma ya kunywea chai asubuhi. Hapa tunaongelea kitu kingine kabisa. Duma ni bendi, na jina lenyewe wamelitoa kwa Kikuyu likimaanisha giza. Ukiskiza dakika moja tu ya ngoma zao utaelewa mbona walilichagua, ingawa ile mbio ya mnyama pia imo ndani.

Hii hapa stori yao yote, kwa mtu ambaye hajawahi kuwaskia na kwa yule aliyewaona kwenye YouTube akashangaa hawa ni watu wa wapi.

Kwa haraka

- Mji: Nairobi
- Kuanza: 2019
- Sauti: Martin Khanja, jina la steji Lord Spikeheart
- Gitaa na mashine: Sam Karugu
- Lebo: Nyege Nyege Tapes, Kampala
- Albamu: moja, *Duma*, iliyotoka 7 Agosti 2020, ngoma 9

Metali ni nini, kwanza?

Kama umelelewa na taarab, chakacha, bango ya Mzee Ngala na reggae ya Jumapili, wacha tukupange kidogo. Metali ni mtoto wa roki, lakini mtoto mkali. Gitaa linapitishwa kwa amplifaya hadi sauti inakwaruza, na ngoma zinapigwa kwa nguvu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, vijana wa California kama Metallica na Slayer waliongeza kasi, wakachanganya na hasira ya panki, na hiyo ndiyo ikaitwa thrashi. Albamu ya kwanza ya Metallica ilitoka 1983. Moto ukasambaa haraka. Brazil wakapata Sepultura, iliyoanza 1984 pale Belo Horizonte. Uholanzi, mji wa Enschede ukatoa Pestilence, ambao albamu yao ya kwanza ya 1988 ilikuwa thrashi, halafu wakazidi kuwa wazito. Uingereza, Napalm Death wakasukuma kasi mpaka mwisho: 1987 walitoa ngoma ya sekunde moja na kitu tu. Mtindo huo wa mwisho ndio unaitwa graindikoo.

Duma wamesimama hapo katikati ya thrashi, panki na graindikoo, halafu wakaongeza kitu kimoja ambacho hao wote hawakuanza nacho: kompyuta.

Kabla ya Duma

Kuna watu wanadhani roki Kenya ilianza na kuisha na redio. Si kweli. Nairobi imekuwa na mbogi ya roki na metali kwa miaka mingi, na bendi kama Murfy's fLaw, Parking Lot Grass na Last Year's Tragedy. Si bendi utakazozikuta kwenye matatu, lakini mashabiki wao walikuwa wanazifuata kila shoo.

Khanja na Karugu wametoka kwenye mbogi hiyo hiyo. Bendi mbili zinatajwa kwenye historia yao: Lust of a Dying Breed na Seeds of Datura. Hizo zilikuwa bendi za metali za kawaida, yaani gitaa, besi, ngoma na mtu wa kupiga makelele mbele.

Lakini kuendesha bendi ya aina hiyo si mchezo. Unahitaji seti ya ngoma na mtu wa kuipiga kwa kasi hiyo. Unahitaji amplifaya nzito, na chumba ambacho jirani hatapigia polisi simu. Halafu ukishapata vyote hivyo, unahitaji klabu itakayokubali kukupa Jumamosi yao badala ya kumpa DJ. Doo inaingia kidogo, inatoka nyingi.

2019 hawa wawili wakaamua kupunguza watu. Karugu, aliyekuwa anapiga besi, akaiacha, akashika gitaa na kutengeneza midundo kwa programu. Khanja akabaki na maiki. Hakuna mpiga ngoma. Mashine ndiyo inapiga, na mashine haichoki, kwa hivyo kasi inaweza kwenda mahali ambapo mikono ya binadamu haifiki. Uhaba wa watu na vifaa, ambao ungeua bendi nyingine, ndio ukawa sauti yao.

Safari ya Kampala

Najua jina la lebo limewafanya wengine wenu mcheke. Nyege Nyege. Kwa Kiswahili chetu hilo neno huwezi kulisema mbele ya mama mkwe. Ila kwa Kiganda linamaanisha ule msukumo wa ghafla wa kutaka kucheza, na ndilo jina la tamasha lililoanza Jinja mwaka wa 2015. Hata Uganda kwenyewe lilileta ngori: 2018 waziri wa maadili Simon Lokodo alitaka kulipiga marufuku, halafu serikali ikalegeza na tamasha likaendelea.

Nyuma ya tamasha kuna lebo mbili, Nyege Nyege Tapes na Hakuna Kulala, pamoja na studio Kampala. Kazi yao ni kurekodi muziki wa Afrika Mashariki ambao redio haiujui: singeli ya Dar, midundo ya vijijini Uganda, rap ya Kampala na vitu vya kompyuta visivyo na jina bado.

Katikati ya 2019, Duma wakaenda kwenye studio hiyo na kufanya kazi kwa miezi mitatu. Weka hiyo akilini. Msanii chipukizi wa kawaida hapa kwetu analipia studio kwa saa. Unaingia ukiwa umekariri mistari, unarekodi, unatoka, na kama prodyusa hajaelewa unachotaka, anakupa biti inayofanana na ile iliyopendwa mwezi jana. Miezi mitatu inakupa ruhusa ya kukosea, kufuta na kujaribu tena. Moja ya ngoma kwenye albamu inaitwa "Uganda with Sam", kwa hivyo safari yenyewe imebaki ndani ya rekodi.

Agosti 2020

Albamu ilitoka wakati mbaya kuliko wote. Mnakumbuka. Kafyu ilikuwa imeanza Machi, na baa zimefungwa. Mombasa ilifungiwa kuanzia Aprili, Mji wa Kale ukafungwa peke yake Mei, na watu wakaruhusiwa kuingia na kutoka kaunti Julai tu. Mwezi mmoja baadaye, Duma wakaachia ngoma 9 ambazo hakuna steji ya kuzipigia.

Pengine hapo ndipo zilipopata nafasi. Watu walikuwa ndani na simu zao, dunia inatisha, na huu ni muziki wa dunia inayotisha. Midundo inaanguka kama mabati ya jengo, gitaa linakwaruza, na juu yake Khanja anapiga kelele ambayo mara nyingi huwezi kutambua ni lugha gani. Waandishi wa muziki Ulaya na Marekani wakaishika haraka. Baadaye Sub Pop, lebo ya Seattle iliyotoa albamu ya kwanza ya Nirvana mwaka 1989, ikatoa single yao "Cannis". Mipaka ilipofunguka, wakaanza kuitwa kwenye matamasha ya Ulaya.

Kuhusu ile sauti, wengi huuliza: huyu jamaa koo lake liko sawa kweli? Mtu anayejua hii kazi hapigi kelele kwa koo tupu. Anasukuma pumzi kutoka tumboni na kutumia mikunjo ya nyama iliyo juu ya nyuzi za sauti, ile inayokwaruza bila kuziumiza nyuzi zenyewe. Ni mazoezi, kama vile muadhini au mwimbaji wa taarab anavyofunza pumzi yake. Ukijaribu bila mazoezi, kesho hutaongea.

"Huu si muziki wa shetani?"

Swali lazima liulizwe, kwa sababu ndilo la kwanza mzazi atakuuliza. Kenya ina historia na hili jambo. 1994 Rais Moi aliunda tume kuchunguza ibada ya shetani, ikiongozwa na Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Nyeri. Waliokua miaka hiyo walizoea kuskia kila kitu kigeni kinashukiwa, na luku nyeusi na nywele ndefu zilitosha kukuletea maswali.

Duma hawakukwepa. Ngoma yao moja inaitwa "Pembe 666", na wanajua vizuri ni nani atakayeruka akisoma hilo jina. Kwenye metali, picha za giza ni lugha ya kuongelea hofu, kifo na dhuluma, kama filamu ya kutisha inavyofanya. Unaweza usiipende. Huna lazima. Lakini tofautisha kati ya mtu anayeimba kuhusu giza na mtu anayeliabudu.

Swali la pili ni lile la "si yetu". Hilo ni rahisi zaidi. Kanuni na fidla hazikuota Mji wa Kale. Zilikuja na bahari, tukazifanya taarab, na leo harusi bila taarab si harusi. Reggae nayo ilitoka Jamaica, na Them Mushrooms, iliyoanzishwa hapa Mombasa 1972, ilikuwa kati ya bendi za mwanzo kuipiga Kenya. Muziki unakuwa wako pale unapousemesha mambo yako.

Muthoni, nywele na Mama Ngina

Baada ya Duma, Khanja akaendelea peke yake kama Lord Spikeheart. Kabla ya hapo, 2021, alikuwa ameskika kwenye *Tewari*, albamu ya prodyusa Mjapani Scotch Rolex chini ya Hakuna Kulala. Aprili 2024 akatoa albamu yake, *The Adept*, kupitia lebo yake mwenyewe, Haekalu. Ndani amewaita wageni kama Backxwash, rapa mzaliwa wa Zambia anayeishi Canada.

Hapa ndipo stori inagusa barabara yetu ya kando ya bahari. Albamu hiyo ni heshima kwa Muthoni wa Kirima, ambaye Khanja anamtaja kuwa bibi wa mzazi wake. Muthoni alikuwa mpiganaji wa Mau Mau, mwanamke anayejulikana kwa kufikia cheo cha field marshal. Alikaa msituni mpaka uhuru ulipopatikana 1963. Nywele alizofuga huko hakuzikata kwa miongo mingi, akisubiri kuona matunda ya uhuru aliopigania. Aprili 2022, akiwa na zaidi ya miaka 90, alikubali zinyolewe, na aliyeshika makasi alikuwa Mama Ngina Kenyatta. Ndiyo, yule yule ambaye jina lake liko pale tunapokula mhogo na madafu tukitazama meli zikiingia Kilindini. Muthoni alifariki Septemba 2023.

Kwa hivyo mtu akikwambia Khanja ameiga wazungu, mwambie hasira iliyo kwenye ile sauti ina anwani. Imetoka msitu wa Nyandarua, na inauliza swali ambalo Muthoni aliuliza na nywele zake: tulichopigania kiko wapi?

Sisi huku tubebe nini

Cheki ramani ya hii stori. Wanamuziki wa Nairobi, jina la Kikuyu, kumbukumbu za Mau Mau, lakini studio ni ya Kampala na sifa za kwanza zimetoka ng'ambo. Kenya ilikuwa na vipaji, ila haikuwa na chumba cha kuwapa kwa miezi mitatu bila kuwauliza hit iko wapi.

Mombasa hali ni hiyo hiyo. Tangu Mama Ngina Waterfront ifanyiwe ukarabati na kuandaa Mashujaa 2019, steji ipo na bahari ipo. Kijana mwenye gitaa na sauti isiyofanana na ya mtu yeyote kule Majengo au Likoni anaweza kupata umati wa kumtazama. Kinachomkosa ni mahali pa kukosea kwanza, kabla umati haujafika.

Pa kuanzia

- "Lionsblood": ukitaka kuelewa Duma kwa ngoma moja.
- "Angels and Abysses": ndiyo inafungua albamu. Weka spika chini kwanza, halafu pandisha polepole.
- *Tewari*: kama unatoka kwa rap na trap, hapa ndipo mlango rahisi.
- *The Adept*: ukishazoea. Iskize ukijua ni ya nani.

Na kama bibi yako yuko chumba cha pili, tafadhali tumia earphone.