Diski moja, mifumo mingi: tulifikaje hapa?

Leo tuweke kando kuandika programu tuzungumze historia kidogo. Siku hizi fundi wa kompyuta hutembea na diski moja ya nje mfukoni. Anaichomeka, menyu inatokea, anachagua Windows, Ubuntu, Debian au FreeBSD, kazi inaanza. Wengi hudhani diski zilikua kubwa tu, basi. La hasha! Ukubwa ndio uliokuwa tatizo jepesi. Gumu lilikuwa hili: mfumo ukishaamka, unajuaje nyumbani kwake ni wapi?

Tuanze mwanzo. Kompyuta ikiwashwa haijui Windows wala Linux. Katika mashine za ukoo wa IBM PC, iliyotoka 1981, programu ndogo iitwayo BIOS husoma sekta ya kwanza ya diski, baiti 512 tu, kisha hutii maagizo inayoyakuta pale. Mwaka 1983 IBM ilileta PC XT yenye diski ngumu ya megabaiti 10, na sekta hiyo ikapangwa hivi: baiti 446 za maagizo, baiti 64 za orodha ya sehemu 4 za diski, na baiti 2 za alama ya mwisho. Hesabu mwenyewe, ni 512 kamili.

CD zilipokuja, mlango ukahama. Mwaka 1995 IBM na Phoenix walitoa kanuni iitwayo El Torito, iliyoiwezesha BIOS kuamsha mashine kwa CD. Ila sekta za CD ni za baiti 2048, na maelezo ya kuamsha yamo katika sekta namba 17. Ndiyo sababu kunakili mafaili ya CD kwenye flashi hakukusaidia kitu: BIOS ilichungulia sekta ya kwanza, ikakuta patupu.

Hapa kwetu Kenya CD zilikuwa mali. Kabla nyaya za baharini hazijafika Mombasa mwaka 2009, intaneti ilitegemea setilaiti, na kupakua megabaiti 700 kulikula muda na pesa. Kampuni ya Canonical ilikuwa ikituma CD za Ubuntu kwa posta bila malipo hadi 2011, na kwa mtu asiye na intaneti ya maana hiyo ilikuwa njia ya uhakika. Lakini CD moja ilikuwa mfumo mmoja. Ukitaka mitano, beba tano, na omba zisikwaruzwe.

Flashi za kwanza ziliingia sokoni mwaka 2000 zikiwa na megabaiti 8. Mwaka huohuo USB 2.0 ikapandisha kasi kutoka megabiti 12 kwa sekunde hadi 480. Programu nazo zikafuata. SYSLINUX, aliyoianza H. Peter Anvin mwaka 1994 kwa ajili ya flopi, ikawa msingi wa kuamshia flashi. Mwaka 2008 ikaleta mbinu ya kutengeneza faili la ISO lenye milango yote miwili, wa CD na wa diski. Raha iliyoje! Lakini ukiliandika faili hilo kwenye flashi, linameza flashi nzima. Bado ni mfumo mmoja.

Mwaka 2011 zilitokea programu kama YUMI, zinazoweka mifumo kadhaa kwenye flashi moja na kukupa menyu. Hapo ndipo tatizo la nyumbani lilipojitokeza wazi. BIOS hukisaidia kiini cha Linux kwa hatua ya kwanza tu. Kikishaamka, kinaiacha BIOS, kinatumia viendeshi vyake chenyewe na kuanza kutafuta CD kilikotoka. CD haipo! Kilichopo ni folda ndani ya flashi, kati ya folda za wenzake. Kila mfumo ulihitaji kuelekezwa kwa maneno yake, na toleo jipya likibadilisha maneno hayo, menyu yako inaharibika.

Ventoy, iliyotoka 2020, iligeuza swali. Badala ya kuufundisha kila mfumo njia mpya, inautengenezea nyumba inayofanana na ile unayoitafuta. Unanakili faili la ISO kama unavyonakili wimbo. Ukilichagua, Ventoy inauonyesha mfumo faili hilo kana kwamba ni CD halisi iliyochomekwa. Mfumo unaikuta nyumba yake na safari inaendelea. Kuongeza mfumo ni kunakili, kuuondoa ni kufuta.

Sasa, ndugu msomaji, fikiria kidogo. Anayekusimamia mlangoni na kukujengea nyumba anaona kila kitu. Windows 8 ilipokuja 2012 na Secure Boot, mashine zilianza kudai sahihi ya kidijitali kabla ya kuamsha chochote. Ventoy nayo, mwaka 2024, ilihojiwa na watumiaji kwa sababu msimbo wake ulikuwa na mafaili yaliyokwisha kutafsiriwa kuwa lugha ya mashine, ambayo mtu hawezi kuyasoma. Swali lao lilikuwa la haki, kwa kuwa urahisi huu wote unasimama juu ya kuaminiana.

Na si swali la mbali. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida wa Windows 10. Windows 11 inadai TPM 2.0, na vipakatalishi vingi vya mitumba, vile wauzaji wanavyoviita ex-UK, havifikii masharti yake. Mwalimu au mwanafunzi mwenye mashine kama hiyo si lazima aitupe. Diski moja yenye mifumo minne humpa nafasi ya kujaribu kabla ya kuamua, na bando lililonunuliwa mara moja linahudumia mtaa mzima.

Ukitaka kuanza, pakua Ventoy na ISO kutoka kwa wenyewe, linganisha alama za SHA-256, na uhamishe mafaili yako kwanza, kwani kuweka Ventoy kunafuta kila kilichomo kwenye diski. Baada ya hapo menyu ni yako. Kila la heri!